Maji Aliyomwaga Mkunga

Mimi na pacha wangu tulibatizwa asubuhi moja, kwa bakuli moja, na mtu mmoja ambaye hakuwa Mkristo. Pacha wangu aliishi saa mbili. Mimi bado nipo, na waliowahi kubishana nami watakwambia kuwa nipo kwelikweli.

Bakuli lenyewe lilikuwa la kauri, jeupe, lenye maua ya buluu ukingoni na ufa mwembamba upande mmoja. Lilikaa juu ya kabati la mama katika chumba chetu cha Mkunazini, limefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Hakuna aliyelinywea maji wala kulitilia mchuzi. Lilishuka mara moja kwa mwaka, siku ya kuzaliwa kwetu, mama alipolichukua pamoja na chupa ya maji tukaenda makaburini. Pale alipolala pacha wangu palikuwa na jiwe dogo lisiloandikwa kitu na shina la mrehani. Mama hunituma nikang'oe magugu kando, kisha yeye huinama na kumwaga maji kidogo kidogo, mara tatu. Nilidhani anamwagilia mrehani. Tulizaliwa katikati ya masika, kwa hiyo mwaka mwingine alimwagilia huku mvua inatunyeshea sote, na nilipokua kidogo nikaanza kumcheka. "Mama, huo mrehani utaoza." Mama yangu alikuwa mtu wa maneno machache, na yale aliyoyabakisha yeye niliyasema mimi.

Mkunga aliishi nyumba ya pili kutoka kwetu, katika kichochoro kile kile. Alikuwa Muislamu wa swala tano, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyonuka mafuta ya nazi daima. Alikuwa amewapokea karibu watoto wote wa mtaa, wa msikitini na wa kanisani. Yeye na mama waliitana shoga. Siku ya Idd sahani ya biriani ilikuja kwetu kabla ya sisi kuamka sawasawa, na Krismasi ilipokaribia mama alinunua kuku hai na kumpeleka kwa mzee mmoja wa mtaani amchinje, ili shoga yake ale bila wasiwasi. Nilikua nikiamini kuwa Krismasi duniani kote huanza hivyo, kwa kumtafuta Muislamu wa kuchinja kuku.

Kisa cha kuzaliwa kwetu mama alikieleza kwa ufupi wake. Mvua ilikuwa imefunga njia, baba yuko kazini bandarini, mitaa imejaa maji hadi magotini. Nilitoka mimi nikiwa dhaifu, akafuata mwenzangu akiwa dhaifu zaidi. Damu ilikuwa ikimtoka mama kwa wingi na hakuweza kuinua kichwa. Akamwambia mkunga, "Usiwaache wende bila maji." Miaka ya nyuma watawa wa zahanati walikuwa wamewafundisha wakunga wa mjini la kufanya mtoto wa Kikristo akiwa katika hatari na padri yuko mbali: umwagie maji kichwani mara tatu na kusema maneno yake. Mtu yeyote aweza kufanya hivyo, walisema, hata asiye wa dini hiyo. Mkunga akachukua bakuli. "Akawabatiza," mama alimalizia kila mara, na hapo ndipo hadithi yake ilipokoma. Baba alipofika adhuhuri alikuta mtoto mmoja.

Yalipokuja Mapinduzi nilikuwa nakaribia miaka kumi na mitano. Mtoto wa kiume wa mkunga alipewa eka tatu za shamba huko Kidichi, na mkunga akahama kumfuata. Mama alilia siku ile kuliko nilivyomwona akilia alipofariki baba, na ninaandika hivi bila kumsingizia. Kichochoro kilipungua watu. Kanisani nako watu walipungua, madawati ya nyuma yakawa matupu, na pengine ndiyo sababu mwalimu wetu wa dini alizidi kutukazania sisi tuliobaki.

Alikuwa mwanamume mwembamba, mpiga pasi hodari wa kanzu zake mwenyewe, na alipenda majibu yaliyonyooka. Alichora pembetatu ubaoni akatuuliza mmoja mmoja. Mungu ni wangapi? Mmoja. Nafsi ngapi? Tatu. Je, Baba ni Mwana? Hapana. Je, Mwana ni Mungu? Ndiyo. Wenzangu walijikwaa, mimi sikujikwaa hata mara moja. Niliyapenda mafundisho hayo namna mtu anavyopenda hesabu ngumu anayoiweza peke yake. Binti mmoja wa jirani aliniambia kuwa sisi tuna miungu watatu, nikamvuta nywele, na wakati nikimvuta nilikuwa namweleza habari za nafsi. Sina hakika kama nilimwamini Mungu kuliko nilivyoliamini jibu langu.

Miaka minne baada ya Mapinduzi nilichumbiwa na karani wa posta. Watu wake walikuwa Tanga, Wakristo wa kushika dini sana, na walitaka cheti cha ubatizo kabla ya kutangazwa ndoa. Nilikwenda ofisini kwa kanisa nikiwa nimevaa vizuri, maana nilijua nitapongezwa. Mwalimu wa dini akafungua kitabu kikubwa, akapita na kidole mpaka kwenye jina langu, kidole kikasimama.

"Hapa imeandikwa umebatizwa nyumbani, na mkunga," alisema. "Padri wa zamani akamalizia ibada kanisani, akakupaka mafuta. Lakini mahali pa kuthibitisha maneno pameachwa wazi."

"Mama alimweleza."

"Mama yako alikuwa hoi. Huyo mkunga yu hai?"

"Yuko Kidichi."

"Basi twende tukamuulize. Neno moja tu, nijaze hapa."

Nilicheka. Nilimwambia mama tunakwenda Kidichi kumwalika mkunga harusini, jambo ambalo pia lilikuwa kweli. Mama alikuwa anachagua mchele, wenye mawe mengi wa siku zile za foleni. Alisimamisha vidole kidogo, kisha akaendelea. "Msalimie," alisema.

Tulimkuta mkunga ameketi juu ya mkeka, anachambua karafuu zilizotoka kuchumwa, karafuu kulia, makonyo, yaani vijiti vyake, kushoto. Tuliamkiana, nikampa shikamoo akaniitikia marahaba kwa sauti ya kuvuta, akanishika kidevu. Hakukubali tukae bure, akatusogezea rundo la karafuu na sisi. Mwalimu wa dini alivua saa yake ili isipate utomvu, akaanza kuchambua kwa uangalifu kama anayesahihisha mtihani. Baada ya kunywa chai ya mdalasini akauliza swali lake.

"Bibi, siku ile ya masika, ulipowamwagia maji watoto wale, ulisema maneno gani?"

Mkunga hakushtuka. Alitazama karafuu zilizokuwa mkononi mwake.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Hakuna aliyenuliza."

"Ndiyo maana tumekuja."

"Nlimwaga mara tatu, kama walivyotufundisha. Nkasema: Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Maji haya ni ya Issa mwana wa Maryamu, ambaye mama yenu anamwamini. Ewe Mola, wapokee."

Mwalimu alingoja. "Halafu?"

"Basi."

"Hukusema Baba, Mwana na Roho Mtakatifu?"

"Sikusema. Hata kule zahanati sikusema, nlimwambia yule mtawa kuwa siwezi. Akanambia basi siku hiyo ikifika nimwite mtu mwengine. Siku hiyo ilifika, mwalimu, na hakukuwa na mtu mwengine."

Mwalimu akaeleza, kwa upole ambao sikuutegemea kwake, kuwa maneno yale matatu ndiyo yanayofanya ubatizo uwe ubatizo. Aliyebatiza si lazima ayaamini. Angeyasema tu, kwa nia ya kufanya wanalofanya Wakristo, ingetosha.

Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho. "Nieleze nifahamu," alisema. "Ningesema nsilolisadiki, juu ya kichwa cha mtoto anayekata roho, lingefaa. Nimesema nnalolisadiki, kwa moyo wangu wote, halikufaa?"

Mwalimu wa dini alikuwa amekwisha fungua kalamu. Aliifunga, akaitia mfukoni, akarudi kwenye karafuu. Tulichambua mpaka rundo likaisha. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Nilimtazama mwanamke aliyenitoa tumboni mwa mama yangu, nikamwona amenidanganya miaka yote. Nikamtazama tena, nikaona kuwa yeye ndiye mtu pekee katika kisa kile ambaye hakudanganya.

Njiani kurudi mjini nilimmiminia mwalimu maneno yote. Nimefunga Kwaresima, nimepokea meza ya Bwana, nimeomba tangu nijue kusema, je, aliyekuwa ananisikiliza ni nani? Kama nilikuwa Mkristo bila yale maneno matatu, ya nini kunikaririsha pembetatu? Na kama sikuwa, pacha wangu je? Mimi naweza kumwagiwa tena leo hii. Yeye atamwagiwa na nani?

Alivaa tena saa yake, akaukaza mkanda, nikadhani amenikasirikia. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema darasani. Alizaliwa bara, nyumba ya Kiislamu, na wadogo zake wanne. Alipokiri Utatu baba yake alimwambia aondoke asirudi. Hakurudi, wala hakumzika.

"Kila mtu akiniambia kuwa mtu aweza kuwa Mkristo bila hayo matatu," alisema, "mimi nauliza niliondoka kwa ajili gani. Ningeweza kukaa nyumbani nikampenda Yesu kimyakimya, na baba yangu nikamzika mimi."

Tangu siku ile sikumcheka tena kwa kanzu zake.

Padri alikuwa mtu mpole, mwenye kazi nyingi na kikohozi. Alitusikiliza sote wawili ofisini kwake. Akasema kuwa yule mnyang'anyi aliyesulubiwa ubavuni kwa Bwana hakuulizwa habari za nafsi ngapi.

"Yule hakuwa na muda," alisema mwalimu. "Huyu anao."

"Ni kweli," padri alikiri. "Huyu anao, na kwa hiyo tutamwagia upya. Na yule wa saa mbili, alikuwa na muda gani?"

Nikamuuliza padri moja kwa moja, pacha wangu yuko wapi? Alikohoa, akasema Mungu hafungwi na maneno aliyotupa sisi, ila sisi tumefungwa nayo. Nilimuuliza kama hilo ni jibu la kanisa au la kwake. Akasema ni la mtu ambaye amezika watoto wengi. Nililipenda jibu hilo lakini halikunituliza, kwa sababu si mimi niliyehitaji kutulizwa. Nilikuwa namfikiria mama, anayeteremsha bakuli lake kila masika kwa furaha ya kujua kuwa mtoto wake alikwenda amebatizwa. Nikaamua hatajua kamwe.

Jumatano iliyofuata, saa kumi za mchana, nilisimama mbele ya birika la ubatizo, mwalimu wa dini akiwa shahidi peke yake. Padri hakusema "ninakubatiza" hivi hivi, maana haifai kumbatiza mtu mara mbili. Alisema, "Kama hukubatizwa, ninakubatiza." Lile neno "kama" lilinichoma. Miaka kumi na tisa yangu yote ilining'inia juu yake. Maji yalikuwa ya baridi, nami nililia, na nikafurahi kuwa kichwa kimelowa na machozi hayaonekani.

Nilipofika nyumbani mama aliniita.

"Naam."

"Hizo nywele zimeloa nini?"

"Mvua," nilisema. Ilikuwa mwezi wa tisa, na mbinguni hapakuwa na wingu hata la kuazima.

Mama alichungulia anga dirishani. Akanipa kanga nikaushe kichwa.

Siku mbili kabla ya harusi mkunga alikuja kutoka Kidichi na kikapu cha mdalasini na karafuu za pilau. Alinikuta jikoni nikikuna nazi, akafunga mlango. Akaniambia amekuja kwa mambo mawili, la kwanza harusi yangu, na la pili ni kumwambia mama yangu maneno aliyoyasema siku ile.

Nilimsihi. Nilimwambia mama amekaa miaka yote na amani yake, kwa nini kumvunjia sasa. Nilimwambia, "Bibi, sijawahi kukuomba kitu."

"Nyinyi ndio mliokuja kunuliza," alisema. "Nilikuwa nshasahau kuwa nimelibeba. Mmenifanya nlione. Sasa siwezi kukaa naye mkeka mmoja, nile pilau la harusi yako, nikijua anadhani nimemfanyia jambo ambalo sikulifanya."

Mchana ule mama alitangaza kuwa anakwenda makaburini kumwambia pacha wangu kuwa ninaolewa. Aliteremsha bakuli, akajaza chupa maji. Mkunga akasema atafuatana naye. Nikawafuata nyuma mimi, nazi zangu nimeziacha, nikitafuta njia ya kuwatenganisha watu wawili ambao hakuna aliyewahi kuwatenganisha.

Mrehani ulikuwa umekauka kwa jua. Mama aliweka bakuli juu ya jiwe. Safari hii hakunituma nikang'oe magugu. Kabla hajafungua chupa mkunga alimshika mkono.

"Shoga," alisema, "yale maneno ya siku ile."

"Nliyasikia," mama alisema.

Nilidhani mama hakuelewa anaambiwa nini. Mkunga naye alidhani hivyo, maana alianza tena. "Yale niliyosema nilipowamwagia maji. Si yale waliyotufundisha."

"Nimekwambia nliyasikia. Nilikuwa siwezi kuinua kichwa, masikio yalikuwa mazima. Kwa jina la Mwenyezi Mungu, maji haya ni ya Issa mwana wa Maryamu." Aliyasema mpaka mwisho bila kupotea hata neno. "Padri aliponuliza umesema nini, nkamwambia umesema yaliyokupasa. Pale pa maneno hakuandika kitu. Nadhani alinielewa."

"Na hukunambia."

"Ningekwambia ungeona umemkosesha mtoto wangu pepo. Na wewe ndiye uliyekuwa umeloa damu yangu mpaka viwikoni."

Mkunga aliketi chini, pale pale kwenye mchanga, na buibui lake safi. Mimi nilikuwa natazama bakuli, na chupa, na ule mrehani ambao miaka yote nilisema utaoza. Nikaelewa, na nikaona haya kwa kila kicheko changu.

Mkunga alielewa pia. Alinyoosha mkono akagusa ukingo wa bakuli.

"Kila mwaka unakuja na hili," alisema.

"Nakuja kumalizia."

"Kwa hivyo uliona hayakutosha."

"Niliona yanatosha," mama alisema. "Naona mpaka leo. Nikikaa nyumbani nikifikiri, najua Mungu alimpokea mtoto wangu siku ile ile, kwa maneno yako, mvua ikinyesha. Lakini mimi ni mama yake. Masika yakifika nahisi kama nimemwacha na tone moja sijamtilia, na siwezi kulala." Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizomsikia akisema. "Usinikasirikie, shoga."

Mkunga akainuka, akapangusa mchanga kwenye buibui, akamchukulia mama ile chupa mkononi na kuifungua.

"Shika bakuli," alisema. "Mimi nnakutilia maji. Maneno sema wewe, ni yako."

Mama alishika bakuli kwa mikono miwili. Mkunga akatia maji kidogo, mama akamwaga akataja la kwanza katika yale majina matatu. Akatia tena, akangoja. Akatia mara ya tatu, akangoja mpaka mama akamaliza.